MSAFIRI NA MKAAZI: SALA YA MGENI WA BIRMINGHAM NA HAKI YA JIRANI YAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa kunjufu kwa waja wake. Na sala na salamu zimshukie bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeuhama mji aliozaliwa na akazikwa katika mji aliouhamia, na ziwashukie aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa mas-ala yanayoulizwa sana na ndugu waliotoka Oman na nchi nyengine za Ghuba kwenda kukaa Ulaya, ni hili la sala ya safari. Huuliza: mtu afupishe mpaka lini? Swali hili hudhaniwa kuwa ni la hesabu ya rakaa tu. Lakini anayelichimba huona kwamba chini yake pana swali jengine zito zaidi, nalo ni: mtu huyu yupo wapi?

Na uchukuliwe mfano wa familia moja. Bwana ni mtu wa Maskati, wazee wake ni katika waliorejea Oman kutoka Unguja baada ya mwaka 1970. Alikwenda Birmingham kwa masomo ya miaka minne, na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka minne. Masomo yakesha, ikaja kazi. Kazi ikaleta nyumba, katika mtaa wa Small Heath, karibu na barabara ya Coventry. Wakazaliwa watoto wawili wengine. Kila mwaka Bwana husema, "Mwakani tunarudi, Inshaallah." Na leo ni mwaka wa kumi na moja. Muda wote huo nyumbani kwake Adhuhuri ni rakaa mbili, Alasiri mbili, na Isha mbili. Yule mtoto aliyeingia nchi hiyo akiwa ameshikwa mkono sasa amebaleghe. Usiku mmoja, baba alipotoa salamu katika rakaa ya pili ya Isha, kijana aliuliza kwa adabu: "Baba, wewe ni msafiri. Na mimi je? Mimi nimesafiri kutoka wapi?"

Baba hakuwa na jawabu. Akampigia simu mwanachuoni mmoja wa Oman.

Kabla ya kulitaja jawabu la mwanachuoni yule, ni vyema msomaji aijue asili ya hukumu. Kufupisha sala kumetajwa katika Suratin Nisaa, aya ya 101. Na imepokewa kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba sala ilifaradhishwa rakaa mbili mbili, kisha ikaachwa hivyo hivyo kwa msafiri na ikazidishwa kwa mkaazi. Kwa ajili hiyo, kwa wanavyuoni wetu wa Kiibadhi, Allah awarehemu, kufupisha si ruhusa anayoichukua apendaye na kuiacha apendaye. Ni wajibu wa msafiri, kama vile kukamilisha ni wajibu wa mkaazi. Anayesali nne ilhali ni msafiri amezidisha, na anayesali mbili ilhali ni mkaazi amepunguza, na wote wawili wamekosea mlango.

Ama mpaka wa safari ni farsakh mbili, nazo ni kiasi cha kilomita 12, zikihisabiwa kutoka mwisho wa majumba ya mji. Na muda wake hauna kikomo cha siku maalumu kwetu, maadamu mtu hakuuweka mji ule kuwa watwani wake, yaani makaazi yake ya kudumu. Mtume (S.A.W.) alikaa Tabuk siku 20 akifupisha. Ibn Umar alizuiliwa na theluji huko Adharbaijan kwa miezi sita, naye akifupisha. Kwa hiyo si ajabu, wala si kosa, mwanafunzi wa Oman kufupisha miaka minne mizima Uingereza, ikiwa moyo wake uko katika begi lake na begi lake liko mlangoni.

Lakini hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuweka watwani ni niya, na niya hakuna anayeiona isipokuwa Mwenyezi Mungu na mwenyewe mwenye kunuia. Kununua nyumba si watwani, wala kupata kazi si watwani, wala pasipoti si watwani. Hizo ni dalili tu. Kadhi huweza kuhukumu baina ya watu wawili wanaogombania shamba, kwani shamba lina mipaka na mashahidi. Hawezi kuhukumu baina ya mtu na moyo wake.

Basi mwanachuoni yule, baada ya kumsikiliza Bwana mpaka mwisho, hakumpa fatwa. Alimuuliza tu: "Hilo linalokuzuia huko, likiondoka leo, kesho utafunga mizigo?" Bwana akanyamaza kwa muda mrefu hata ikadhaniwa simu imekatika. Kisha akasema neno ambalo halikutarajiwa. Alisema: "Sheikh, nikisema huku ndiko kwetu, basi nitakapokwenda Maskati nitafupisha sala nyumbani kwa mama yangu."

Hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Haikuwa uvivu wa rakaa mbili. Ilikuwa ni haya ya mtoto mbele ya mama yake.

Na jawabu la hilo limo katika sira. Makka ndiko alikozaliwa Mtume (S.A.W.), ndiko walikozikwa Bi Khadija na jadi zake, na hapana mji alioupenda kama huo. Hata hivyo, alipouingia mwaka wa nane wa Hijra hali ya kuwa ameufungua, na watu wake wote wako chini ya amri yake, alisali humo rakaa mbili, na akawaambia wenyeji wakamilishe sala zao kwani yeye na wenziwe ni wasafiri. Hakuona haya kuwa msafiri katika mji wa mama yake. Kufupisha hakukuwa kuukana. Na wanavyuoni wetu pia wamesema kwamba mtu huweza kuwa na watwani zaidi ya mmoja: akawa ni mkaazi Maskati na mkaazi Birmingham, akakamilisha huku na huku, na akafupisha njiani na kwengineko, mfano akenda Leicester au London. Lakini hilo ni kwa mwenye kunuia makaazi kweli katika miji yote miwili, si kwa anayeitaja Maskati kwa ulimi ili asionekane kuwa ameihama.

Mke kwa asili humfuata mumewe katika hukumu hii, na mtoto humfuata baba yake mpaka abaleghe. Akishabaleghe, niya yake ni yake.

Sasa tuje kwenye jambo lililo kubwa kuliko hilo. Katika watu wa ugenini wapo waliodhani kwamba safari inapunguza kila kitu. Husema, "Sisi ni wapita njia," na wakakusudia kwa neno hilo kwamba hawana haja ya kumjua jirani, wala kujali usafi wa mtaa, wala kwenda kwenye mkutano wa wazee wa skuli. Huitaja hadithi ya Ibn Umar inayomtaka Muislamu awe duniani kama mgeni au mpita njia. Subhanallah! Hadithi ile imekuja kumpunguzia mtu tamaa yake, haikuja kuwapunguzia watu haki zao. Msafiri amesamehewa rakaa mbili katika Adhuhuri, mbili katika Alasiri na mbili katika Isha. Ameruhusiwa kukusanya sala mbili, na kufungua katika Ramadhani akalipa baadaye. Na ukipekua vitabu vyote vya fiqhi, hutaona mahali palipoandikwa kwamba msafiri amesamehewa haki ya jirani.

Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, ana njaa, hana nyumba wala mtu anayemjua. Kabla hajapata pa kulala aliwaona wasichana wawili wamezuiliwa na mifugo yao, akawanyweshea, kisha ndipo akarudi kivulini kumuomba Mola wake. Kazi yake ya mwanzo katika mji wa ugenini ilikuwa kuteka maji ya watu wengine. Na baadaye alikaa huko miaka minane au kumi kwa mkataba, akautimiza, akaondoka na ahali zake.

Mtaa wa Small Heath, na Sparkbrook, na Alum Rock, kwa hakika ni kama vijiji, ijapokuwa umo ndani ya mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Nyumba zimepangana safu moja, na ukuta mmoja ni wa nyumba mbili. Anayekohoa usiku husikika upande wa pili. Jirani wa kulia wa familia hii ni Mpakistani ambaye wazee wake walitoka Mirpur kuja kufanya kazi viwandani. Wa kushoto ni bibi kizee wa Kiingereza, mjane, aliyekuwapo katika nyumba ile kabla ya wote. Ng'ambo ya barabara ni Wasomali. Kwa miaka mitatu ya mwanzo mke wa Bwana hakuwa akilijua jina la bibi yule, na bibi hakuwa akilijua lake.

Bi Aisha (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.): ana majirani wawili, ampelekee yupi zawadi? Akaambiwa: yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hakuambiwa aulize dini ya mwenye mlango. Na katika Suratin Nisaa, aya ya 36, ametajwa jirani aliye jamaa na jirani asiye jamaa, wote pamoja. Wafasiri wengi wamemuingiza humo hata asiyekuwa Muislamu. Naye Abu Dharri (R.A.) aliusiwa azidishe maji katika mchuzi wake apate kuwapa majirani. Pahala pa mchuzi, mama wa Kiswahili ana mandazi, na ana wali wa nazi. Sahani moja iliyofunikwa kitambaa, ikipelekwa mlango wa pili siku ya Idi, hufanya kazi ambayo hotuba kumi haziwezi.

Mwaka 2025 wafanyakazi wa kuzoa taka wa Birmingham waligoma. Kuanzia Machi 11 mgomo ukawa wa moja kwa moja, na kabla ya mwezi kwisha halmashauri ya mji ilikuwa imetangaza kuwa ni tukio kubwa la dharura, na makadirio ya taka zilizolala mabarabarani yalifika tani 17,000. Panya wakaonekana mchana. Jambo kama hilo humtenga mkaazi na mpita njia waziwazi. Wapo waliofunga madirisha wakasema huu si mji wetu. Na wapo waliobeba mifuko ya jirani mzee pamoja na yao katika gari zao mpaka pale ilipopokelewa. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na hadithi haikusema njia ya nani.

Na mji huo huo umeshuhudia jengine, kubwa zaidi. Katika fujo za Agosti 2011, vijana watatu wa Kiislamu waligongwa na gari na kufa katika mtaa wa Winson Green, usiku wa kuamkia tarehe 10, walipokuwa wakilinda mtaa wao. Watu wakawa tayari kulipiza kisasi. Baba wa mmoja wao, Bwana Tariq Jahan, akasimama mbele ya watu siku ile ile, damu ya mwanawe haijakauka, akawataka watulie na warejee majumbani mwao. Moto uliokuwa ukingoja njiti ukazimika. Maneno kama yale hayasemwi na mpita njia. Husemwa na mtu aliyeuona mtaa kuwa wake na watoto wa wenziwe kuwa wanawe.

Katika haki ambazo safari haizipunguzi ni ahadi. Viza ni ahadi. Mkataba wa nyumba ni ahadi, na fomu iliyotiwa saini ni ushahidi. Anayeandika uwongo ili apate fedha za msaada wa serikali, kisha akajitetea kwamba mali ya wasio Waislamu haina hisabu, huyo amekula haramu na amemzulia dini yake. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akihama Makka, na Makureshi wamekwishapanga kumuua, alimuacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirejeshe amana za wenyewe. Baada ya hayo hakuna la kujadili.

Ama mambo mengine ya mgeni, ni mepesi, na yatajwe kwa ufupi. Unguja kibla ni kaskazini, Maskati ni magharibi, na Birmingham ni kusini-mashariki. Bibi wa familia hii amesali maisha yake kwa kuelekea pande tatu za dunia, na Al-Kaaba ni moja. Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuchwa kabla ya saa 10 alasiri, hivyo Adhuhuri na Alasiri zote huwamo katika saa za kazi na skuli. Mwenye kukamilisha hana budi atafute nafasi ya kusali kwa kuiomba kwa uwazi, na mara nyingi hupewa. Juni jua huchwa karibu na saa 3 na nusu usiku, na wekundu na weupe wa mbingu hauondoki wote usiku kucha. Hapo atazame ratiba ya msikiti wa karibu wala asijitie wasiwasi. Ataona pia ratiba nyengine zina nyakati mbili za Alasiri. Ule wa mwanzo ndio wetu, na wa pili ni wa ndugu zetu Mahanafi. Akisali nyuma yao sala yake ni sahihi, na imamu akiwa mkaazi atakamilisha pamoja naye. Akiulizwa kwa nini hakufunga mikono, ajibu kwa upole na asigeuze msikiti wa watu kuwa uwanja wa mjadala. Imamu Jabir bin Zaid, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa Firq ya Nizwa, naye aliishi Basra miongoni mwa watu wa kila rai, akawa ni marejeo yao katika fatwa. Hakuifikia daraja hiyo kwa kuwakimbia.

Mwenye mzigo mkubwa kuliko wote katika safari hii ni mama wa nyumba, naye ndiye husahauliwa. Mume ana kazi na watoto wana skuli. Yeye ana dirisha, na nje ya dirisha ni mvua. Mume anayemzuia mkewe kujifunza lugha ya nchi, kisha akamlaumu kwa kutojua kuzungumza na daktari wa mtoto, amemdhulumu mara mbili. Bi Asmaa bint Umais (R.A.) alikaa Habasha zaidi ya miaka kumi, katika nchi ya mfalme wa Kikristo, akazaa huko, na hakurejea mpaka mwaka wa Khaibar. Alipoambiwa Madina kwamba wengine wamemtangulia katika Hijra, hakukubali. Alisema wazi kwamba wao walikuwa katika nchi ya mbali na ya wageni, kisha akamuendea Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Akajibiwa kuwa watu wa jahazi wana Hijra mbili. Ugeni wa mwanamke una hisabu yake kwa Mwenyezi Mungu.

Na ikiwa moyo unaumwa kwa kukumbuka kwao, hilo si dhambi. Muhajirina walipofika Madina walishikwa na homa. Sayyidna Abu Bakar alilala nayo, na Bilal alikuwa akiitamani milima ya Makka na majani yake kwa sauti, watu wakimsikia. Mtume (S.A.W.) hakuwakemea. Alimuomba Mwenyezi Mungu aipendezeshe Madina kwao kama walivyoipenda Makka au zaidi, na auponyeshe mji ule, na abarikie vipimo vyake, pishi na kibaba. Alianza na mapenzi, akamalizia na sokoni.

Chuo Kikuu cha Birmingham kina karatasi mbili za ngozi zenye Qur-ani, katika hazina iliyokusanywa na Alphonse Mingana katika miaka ya 1920. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa ngozi hiyo, kwa kipimo cha kitaalamu, ni ya baina ya mwaka 568 na 645. Sehemu iliyomo ni pamoja na kisa cha vijana wa Pangoni, pale walipomtuma mmoja wao mjini na fedha, atafute chakula kilicho safi, na awe mpole kwa watu. Bwana wa familia hii alimpeleka mwanawe kuitazama ngozi hiyo. Kijana alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Njiani alisema: "Kumbe Qur-ani ilifika hapa kabla yetu, baba."

Wiki ile bibi kizee wa nyumba ya kushoto aliugua. Mke wa Bwana ndiye aliyegundua, kwa kutosikia redio yake ukutani asubuhi, na ndiye aliyeita gari ya wagonjwa, kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Usiku wake walisimama kusali Isha, baba mbele, kijana kuliani kwake, mama na wasichana nyuma. Bwana alikuwa bado hajaukata moyo wake. Alikuwa amemuahidi mwanachuoni kwamba atamjibu baada ya kurudi kumuona mama yake. Kwa hiyo alisali mbili, kama msafiri, akatoa salamu. Kijana hakutoa salamu pamoja naye. Aliinuka, akasimama, akakamilisha rakaa mbili zilizobaki peke yake, na baba akabaki ameketi juu ya mkeka mpaka mwanawe alipomaliza.